Mwiteni Mkutubi Kabla ya Hojaji ya Kwanza

Miaka michache baada ya kumaliza shahada yangu ya uzamivu, mwanafunzi wa chuo kingine aliniandikia barua pepe. Alikuwa amesoma makala yangu moja, akaomba data nilizotumia ili azilinganishe na zake. Nilifurahi mno. Nikamjibu siku ileile kwamba nitamtumia, kisha nikaanza kuzitafuta.

Faili nililipata, tena likafunguka bila shida. Lakini safu ya kumi na mbili ilikuwa imeandikwa "kt3b", iliyoifuata "kt3b_mpya", na ya baada yake "kt3b_mpya2". Ndani yake kulikuwa na 1, 2, 3, na hapa na pale 9. Hiyo 9 ilimaanisha "hakujibu" au "hajui"? Daftari lenye ufunguo wa misimbo lilipotea nilipohama ofisi. Nilihangaika jioni tatu, nikalinganisha na sura za tasnifu, nikakwama. Mwishowe nikamwandikia yule kijana kwamba data ninazo ila siwezi kumthibitishia maana yake. Akanijibu kwa adabu, "Nashukuru sana, Daktari, nimeelewa." Mamia ya watu walikuwa wameketi nami wakanieleza mambo ya nyumbani kwao, na sasa majibu yao yalikuwa tarakimu ambazo hata mimi niliyeziandika sikuweza kuzisoma.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao nimeurudia katika kila kikao nilichopata nafasi ya kusema. Mkutubi aitwe mwanzo wa utafiti, kabla hojaji ya kwanza haijachapwa. Vyuo vingi humwita mwisho, tasnifu ikishajalidiwa, ili apakie PDF kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Wakati huo sehemu ngumu ya kazi imeshakosewa au imeshasahaulika.

Yaliyonipata mimi yamewapata wengi. Mwaka 2014 Timothy Vines na wenzake walichapisha katika jarida la Current Biology matokeo ya jaribio rahisi: waliwaandikia waandishi wa makala 516 za baiolojia, zenye umri wa miaka 2 hadi 22, wakawaomba data. Uwezekano wa data kuwa bado zipo ulipungua kwa takribani asilimia 17 kwa kila mwaka uliopita tangu makala kuchapishwa. Anwani za barua pepe zilikuwa zimekufa, na data nyingine zilibaki kwenye vifaa ambavyo hakuna tena mashine ya kuvisoma. Hata NASA ilipozitafuta kanda za awali zilizonasa mawimbi ya picha za Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, za mwaka 1969, ilihitimisha mwaka 2009 kwamba huenda zilifutwa na kutumika upya. Shirika lenye uwezo kiasi kile halikukosa ghala. Lilikosa mtu aliyepewa jukumu la kusema kwamba kanda hizi zisiguswe, na sababu ni hii.

Kwa hiyo mkutubi akiitwa mapema anafanya nini hasa? Kwanza anakaa na mtafiti waandike mpango wa usimamizi wa data. Nchini Marekani mfuko wa taifa wa sayansi, NSF, umedai mpango huo kwenye maombi ya fedha tangu Januari 2011, na NIH, taasisi za taifa za afya, zimeudai kwa upana zaidi tangu Januari 2023. Kwa sababu hiyo watafiti wengi huuona kama karatasi ya kumridhisha mfadhili, wananakili wa rafiki yao na kubadilisha jina. Mpango ulioandikwa hivyo hauna faida. Ulioandikwa kwa mazungumzo huibua maswali ambayo mtafiti hajiulizi akiwa peke yake. Faili zitaitwaje ili watu watatu wanaozigusa wasifutiane kazi? Nani ana haki ya kuzifungua? Msaidizi wa utafiti akiondoka katikati ya mradi, aliyokusanya yako wapi? Programu unayotumia ikiacha kutengenezwa, data zitafunguka kwa kitu gani? Mkutubi mzuri atakushauri uweke pia nakala ya CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, maana maandishi ya namna hiyo husomeka na karibu kila programu.

Kisha kuna fomu ya ridhaa, na hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi. Watafiti wengi huandika humo kwamba taarifa zote zitateketezwa utafiti ukiisha. Wanaandika kwa nia njema, wakidhani ndiyo njia pekee ya kumlinda mhojiwa. Lakini ahadi ni ahadi. Mtu akishatia saini sentensi hiyo, huwezi baadaye kuziweka data hifadhini, hata ukiondoa majina na kila dalili ya kumtambulisha. Sentensi moja iliyoandikwa bila ushauri inafunga mlango kwa watafiti wote wa baadaye. Mkutubi anayejua kazi yake huisoma fomu hiyo kabla haijafika kwenye kamati ya maadili, na kupendekeza maneno yanayomweleza mhojiwa wazi nini kitatunzwa, kitatunzwaje, na nani ataruhusiwa kukiona.

Sisemi kila kitu kiwekwe hadharani. Kanuni za FAIR zilizochapishwa mwaka 2016 zinataka data ziweze kupatikana, kufikiwa, kuoanishwa na nyingine na kutumika tena; hazisemi kwamba kila mtu aingie bila kubisha hodi. Na mwaka 2019 zikaja kanuni za CARE, zilizotokana na madai ya jamii za wenyeji asilia kwamba taarifa zinazowahusu ziwanufaishe na ziwe chini ya mamlaka yao. Nimeona watafiti wakizisoma hizi za pili kama kikwazo. Mimi naona ni deni la kawaida kwa watu waliotufungulia nyumba zao.

Jambo lingine ni lahajedwali. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa sana katika mijadala ya kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, baada ya kupewa lahajedwali na waandishi wenyewe, aligundua kwamba kanuni ya kupiga wastani iliziacha nje nchi tano. Yalikuwapo mabishano mengine kuhusu mbinu yao, lakini kosa hilo lilionekana kwa sababu tu faili lilikuwapo na lilisomeka. Katika jenetiki, Excel ilikuwa ikigeuza majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika takribani moja ya tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni za Excel, na kufikia mwaka 2020 kamati inayotoa majina hayo ikawa imeamua kuyabadilisha: MARCH1 ikawa MARCHF1. Sayansi nzima ililazimika kuipisha programu ya ofisini. Mafunzo ya saa mbili maktabani kuhusu kupanga jedwali, kufunga aina ya safu na kutoandika juu ya data ghafi yanaokoa mengi, na huwa nasikitika kuona viti vitupu siku ya mafunzo hayo.

Kuhusu mahali pa kuweka nitapita haraka, maana hapo vyuo vimeshafika. DSpace, programu ya kuendeshea hifadhi za kidijitali iliyotengenezwa na maktaba za chuo cha MIT pamoja na maabara za HP mwaka 2002, inatumika kwingi duniani. Asiye na hifadhi chuoni kwake anayo Zenodo, hifadhi ya mtandaoni isiyo na malipo inayoendeshwa tangu 2013 na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya. Seti ya data ikipewa DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni, inanukuliwa kama makala, na mtafiti akiwa na ORCID, namba ya kumtambulisha yeye mwenyewe, hachanganywi na mwingine mwenye jina kama lake. Haya yote ni mema. Ila mashine nazo huangusha: Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza terabaiti 77 za faili za utafiti katika mfumo wake wa kompyuta kuu, kwa hitilafu ya programu iliyokusudiwa kutunza nakala rudufu. Ndiyo maana wakutubi husisitiza nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mbali na jengo.

Sasa niseme linaloniuma. Chuo hutangaza kwamba maktaba ina huduma ya data za utafiti, lakini ukienda unakuta mtu mmoja. Asubuhi yuko dawati la kuazimisha, mchana anafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutafuta makala, na jioni ndipo anatakiwa kusoma mipango ya data ya kitivo kizima. Hakupewa muda wala mafunzo. Mradi ukipata fedha, takwimu zikisafishwa kwa msaada wake na hifadhi ikajaa kwa jasho lake, jina lake halionekani hata kwenye shukrani. Naamini gharama ya muda wake ingewekwa ndani ya bajeti ya kila mradi, kama tunavyoweka nauli na malipo ya wasaidizi. Na pale ambapo mchango wake umebadilisha jinsi utafiti ulivyofanyika, sioni sababu ya kumnyima nafasi kati ya waandishi.

Siku hizi mwanafunzi ninayemsimamia hanionyeshi hojaji kabla hajakaa na mkutubi, na kikao cha kwanza huwa nahudhuria. Mwaka jana mkutubi alimsomea mmoja wao fomu yake ya ridhaa kwa sauti, akatua kwenye aya ya mwisho.

"Hapa umesema rekodi zote zitateketezwa. Nani alikuambia uandike hivi?"

"Hakuna, dada. Niliitoa kwenye fomu ya mtu aliyenitangulia."

Waliiandika upya aya hiyo pamoja, kijana akairudisha kamati ya maadili, na safari ya kukusanya data ikachelewa wiki mbili. Hakulalamika. Faili lake la kwanza liliponifikia, lilikuwa limeambatana na jingine fupi la maelezo, na mstari wake wa juu kabisa ulisomeka: 8 = hajui; 9 = hakujibu.