Yule Chura Hakujishikia Mwavuli

Wiki hii nimetumiwa picha moja mara nne. Chura wa kijani amekaa juu ya kitawi, mkono mmoja ameukunja kwenye kikonyo cha jani, jani limemfunika kichwa kama mwavuli, na nyuma yake matone ya mvua yanashuka yamepangana kama shanga. Aliyenitumia mara ya nne akaongeza na maneno: "Wewe unayelala matopeni usiku kucha na kamera, mbona hujawahi kutuletea kitu kama hiki?"

Sijawahi, na sitawahi. Chura mwavuli wa nini? Huyu ni mnyama anayekunywa maji kwa ngozi, hasa ile ya chini ya tumbo. Mvua ndiyo harusi yake; ndiyo usiku anaotoka kuimba na kutafuta mwenza. Chura aliyejikinga mvua ni sawa na samaki aliyevaa koti la mvua. Na hayo matone yaliyonyooka hivyo ni ya chupa ya kunyunyizia maji, kuna mtu amesimama pembeni anabonyeza.

Nimenyamaza miaka mingi kwa kuogopa kuonekana nina wivu. Basi ninao. Picha ile imependwa na maelfu ya watu. Yangu ya mwisho, ya chura halisi ambaye nusu yake imezama kwenye tope, ilipendwa na watu kumi na mmoja, na mmoja wao ni shangazi yangu ambaye hupenda kila kitu.

Sasa tuseme zinavyopatikana. Wengi wa vyura hao wa miavuli, wapanda konokono na waendesha mbawakawa ni vyura wa mitini wanaofugwa na kuuzwa, mara nyingi yule mnono wa Australia na New Guinea ambaye uso wake tayari unafanana na tabasamu. Wapo wanaowafunga kwa uzi mwembamba kisha uzi unafutwa kwenye kompyuta. Wapo wanaowatia kwanza kwenye friji. Mwili wa chura hauna jiko ndani yake, joto lake huliazima nje. Ukimpoza, misuli inalegea, naye anakaa unavyomkalisha. Huo ndio utulivu mnaousifia. Na yule anayeachama, anayeandikiwa "anacheka jamani!", hacheki. Chura huachama na kupiga yowe akishikwa na adui. Kinyonga akiachama anatisha, au joto limemzidi.

Lakini watu wa mwavuli ni rahisi kuwacheka, kwa kuwa wako mbali. Wanaonikera zaidi ni sisi wenyewe, tunaojiita watu wa porini.

Fungua albamu ya yeyote anayejisifu kwa picha za nyoka. Kila kifutu amejikunja duara safi, kichwa katikati kama yai kwenye kiota, juu ya jiwe lililoota kijani, upande wenye mwanga mzuri. Ukiziamini albamu hizo utadhani nyoka wote duniani waliitisha mkutano wakaafikiana kupumzika kwenye mawe ya kupendeza tu. Kinachotokea hasa ni hiki. Nyoka anakutwa akivuka njia, au amejibanza kwenye majani makavu. Anainuliwa kwa fimbo ya ndoano, anapelekwa kwenye jiwe lililochaguliwa tangu mchana, anafunikwa kwa kofia au bakuli. Mle gizani anadhani amepata maficho, anajikunja. Kofia inafunuliwa taratibu, picha tatu nne, nyoka akianza kuondoka anarudishwa, kofia tena. Mara ya tano. Mara ya saba. Jioni picha inapandishwa na maandishi chini yake: "Nimemkuta porini leo asubuhi."

Umemkuta, sawa. Ila hapo ulipompigia picha ndipo ulipomweka.

Mtu ataniuliza, kuna ubaya gani, nyoka si huyohuyo? Hapa ndipo tunapokosana. Kifutu si magamba na meno tu. Kazi yake yote duniani ni kutoonekana. Anaweza kulala mahali pamoja siku nyingi akingoja panya apite, na ule mchoro wa mgongoni umetengenezwa na maelfu ya vizazi ili jicho lipite juu yake bila kusimama. Hata pua hupita bila kusimama: mwaka 2015 watafiti walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mbwa waliofunzwa kunusa hawakuweza kumtambua kifutu kwa harufu, ilhali waliwatambua nyoka wengine. Mnyama amejificha kwa macho na kwa harufu pia! Nawe unamtoa kwenye majani yanayofanana naye, unamweka juu ya jiwe la kijani, akang'aa kama sahani ukutani. Umepiga picha ya kila kitu isipokuwa kile kinachomfanya awe kifutu.

Picha ya kweli ya kifutu ni ile ambayo mtazamaji anaitazama nusu dakika akiuliza, "Yuko wapi?", halafu anaruka kitini. Hiyo ndiyo siri yake, na ndiyo hatari yake pia, na ingemfaa zaidi mtu apitaye vichakani kuliko duara safi elfu moja. Tunalalamika kwamba watu hawawajui nyoka, kisha tunawaonyesha nyoka ambaye hawatakutana naye kamwe.

Vivyo hivyo kwa mjusi aliyeinuliwa kutoka mwambani akawekwa juu ya ua, kwa chura wa chini ya magogo aliyepandishwa kwenye okidi. Na wapo wanaokusanya picha hizi ili kujua spishi gani inaishi wapi na juu ya nini. Unawapa ushahidi wa uongo wenye mwanga mzuri.

Nisijifanye mtakatifu. Miaka ya mwanzo nilimkuta kinyonga usiku. Ni rahisi kuwapata usiku kuliko mchana: rangi hupauka wakilala, na tochi ikipita wanajitokeza weupe kwenye kijani cheusi. Alikuwa kwenye ncha ya kitawi chembamba, mahali ambapo mzito yeyote akikanyaga atamtikisa aamke, mkia ameuviringa kama kaseti ya zamani. Picha ilikuwa tayari pale. Mimi nikaona kitawi kibaya, kina majani yaliyotobolewa na wadudu. Nikamtoa, nikamweka juu ya tawi la maua, nikawasha flashi.

Akaamka. Akawa mweusi mwenye mistari, akavimba, akaachama, akatoa sauti kama tairi linalopoteza upepo. Nikafurahi kama mtoto. Rangi hizo! Picha ile ilisifiwa kuliko yoyote niliyowahi kupiga, na kwa miezi ilikuwa ndiyo sura yangu mitandaoni.

Baadaye ndipo nilisoma. Tumezoea kusema kinyonga hufuata rangi ya alipokaa, lakini sehemu kubwa ya mabadiliko yake ni lugha na hali ya moyo na joto la mwili. Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kwamba ndani ya seli za ngozi ya kinyonga mmoja wa Madagaska kuna fuwele ndogo mno. Akitulia zinakaribiana, akisisimka zinaachana, na mwanga unaorudi unabadilika rangi. Weusi nao ni aina nyingine ya maneno, na aghalabu ni ya shida. Kwa hiyo ile picha yangu bora ilikuwa picha ya mnyama anayenitukana kwa nguvu zake zote, nami nikaiwekea fremu.

"Lakini hakuumia." Naijua hii, niliitumia sana. Hakuumia unavyoona wewe. Kobe wa jangwa la Mojave huhifadhi maji kwenye kibofu kwa ajili ya kiangazi. Akiinuliwa kwa ghafla huweza kuyamwaga yote kwa hofu, na wewe unafuta kiatu na kucheka huku yeye amepoteza akiba ya miezi. Mjusi anayekuachia mkia mkononi amekuachia na mafuta yaliyokuwa humo. Chura dume aliyenyamazishwa na tochi yako saa nzima amekosa saa nzima ya usiku ambao pengine hauji tena msimu huo.

Na kuna kuumia kwako wewe. Mwaka 1957 Karl P. Schmidt, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya nyoka, alimshika mjini Chicago nyoka mchanga wa mitini kutoka Afrika aliyeletwa atambuliwe. Aling'atwa kwenye kidole gumba. Hakuona kama ni jambo zito, akawa anaandika dalili zake moja baada ya nyingine, na kesho yake akafa. Huyo alijua anachokishika. Wewe umejifunza kushika nyoka kwa video ya dakika mbili.

Mengine nitayapitia haraka, maana nimeshayasema hadi nimechosha watu.

Jiwe ulilolifunua lirudishe lilivyokuwa, kwa upande uleule, pengo lilelile. Australia kuna nyoka, Hoplocephalus bungaroides, anayejisitiri chini ya mawe bapa, na watafiti waliona kwamba mawe yaliyosogezwa na watu yalipunguza wakazi, yaliporudishwa vizuri wakarudi.

Usitaje mahali. Simu yako huweza kuandika mahali ndani ya faili la picha hata kama wewe hukuandika. Mjusi wa mapangoni wa China, Goniurosaurus luii, alielezwa kisayansi mwaka 1999 pamoja na mahali alipopatikana. Wakusanyaji wakafuata maandishi kama ramani na kummaliza palepale.

Dawa ya mbu mkononi, usiguse chura. Ngozi yake ni kinywa chake.

Na buti zako zisugue, zikauke, kabla ya kuhama kutoka kijito kimoja kwenda kingine. Kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis husafiri na maji na tope, na tathmini ya mwaka 2019 iliihusisha na kupungua kwa spishi 501 za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, 90 kati yao zikidhaniwa zimetoweka kabisa. Vyura wa korongo la Kihansi, Tanzania, tunawajua: bwawa la umeme liliwanyima manyunyu ya maporomoko yao, kuvu hiyohiyo ikakutwa kwao, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Leo wapo kwa sababu wachache walikuwa wametunzwa mbali. Unaweza kuwa mpole wa mikono na bado ukawa muuaji wa miguu.

Haya, nikubali na yale yasiyonipendeza kuyakubali. Mtafiti anayehesabu magamba ya tumbo hawezi kuyahesabu kwa mbali, lazima ashike. Anayemtoa nyoka chumbani kwa watu ashike, na nimshukuru. Kobe aliye katikati ya barabara mvushe, upande aliokuwa akielekea, siyo ule unaoupenda wewe. Na mtoto aliyeshika chura mara moja kwa mikono yenye maji huenda akawa ndiye mtetezi wake ukubwani. Mimi mwenyewe nilianzia hapo, kwa hiyo sina ulimi wa kumkataza. Wapo pia wanaopanga picha na kusema wazi "huyu nimemhamisha." Sipendi, lakini hao angalau hawanidanganyi. Mwenye mwavuli angeandika "chura wangu wa kufuga, jani nimemshikisha mimi", nisingekuwa hapa leo.

Nikirudi kwa aliyeniuliza mbona sijawahi kuleta kitu kama kile.

Mwezi uliopita nilikaa kando ya bwawa dogo tangu giza lilipoingia. Nilipofika walinyamaza wote, kama darasa mwalimu akiingia. Nikazima tochi. Dakika chache, mmoja akajaribu upande wa pili. Mwingine akajibu. Kisha wote kwa pamoja hadi masikio yakauma. Nilipowasha mwanga hafifu majani yalimetameta macho kila mahali, ambayo mengi, kama kawaida, yalikuwa ya buibui. Saa mbili nzima nilipata picha za buibui na za vidole vyangu.

Halafu nikamwona chura mmoja mkubwa wa vinundu-vinundu, wale tunaowaita wabaya, karibu na kiwiko changu. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alikuwa amekunja mgongo na anajikuna kwa ajabu, nikadhani mgonjwa. Kumbe anavua ngozi. Ilikuwa imepasuka katikati, nyembamba kama utando wa kitunguu, naye akawa anaivuta kwa pembe za mdomo, anameza, anavuta, huku mikono ikipita juu ya kichwa mmoja mmoja kama mtu anayevua sweta lililombana. Macho akiyafumba kila anapomeza. Ilipofika kwenye vidole akaivuta kama glavu, akaila na hiyo. Alipomaliza alikuwa anang'aa, mpya kabisa, akaketi kama aliyesahau alichokuja kufanya.

Nilipiga picha sita. Sikumsogelea, na nyasi moja imekatiza mbele ya uso wake katika zote sita, na flashi sikuitumia, hivyo tano zina ukungu. Ya sita unaona jicho moja, mkono uliokwama nusu kwenye ngozi, na kipande cha ngozi kikining'inia mdomoni.

Imependwa na watu tisa. Shangazi ameuliza kama yule chura anatapika.