Weka Mtungi Chini!

Hadithi ya mwizi wa mtungi wa gesi najua umeshaisikia kwa Mama Vitumbua, jirani yangu muuza vitumbua. Yake imefika mpaka Segerea mwisho, imerudi na polisi wawili ambao hawakuwepo. Sasa nisikilize mimi, niliyekuwa ndani ya jaketi la huyo mwizi.

Mimi naitwa Mama Kulwa. Mume wangu ni Msukuma, kwa hiyo watoto wetu majina hayakuwa na kikao: pacha aliyetangulia ni Kulwa, aliyemfuata ni Doto, na aliyezaliwa nyuma yao akawa Shija kabla hajalia. Pacha wana miaka minne, Shija mwaka mmoja na nusu. Nakaa Tabata, Dar es Salaam, kazi yangu iko Posta. Ukishajua hayo usiniulize kwa nini sina muda wa mazoezi.

Unene wenyewe sikuutafuta. Uliletwa na mama mkwe kutoka Shinyanga, kwa basi, ndani ya kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alikuja kunilea uzazi wa pacha, akakaa miezi mitatu, na kila nikimaliza bakuli la uji anauliza, "Sasa maziwa ya watoto wawili yatatoka wapi?" Swali hilo halina jibu, lina bakuli la pili. Saa nne matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa kabla ya kukaushwa, na chai, mchana ugali na sato, jioni mtindi. Ndugu wakija kunitazama wanasema nimenawiri, na sifa anachukua yeye. Alipokuja tena kwa Shija, nilikuwa sijamaliza hata kutoa unawiri wa mara ya kwanza.

Mkwe akarudi kwao, nikabaki na makombo. Hapa wanawake wenzangu naomba tusidanganyane. Mimi nilikuwa nakula chakula cha jioni mara nne kwa siku: changu mezani, na vya watoto watatu pale kwenye karo la vyombo, nimesimama, sahani mkononi. Nusu chapati iliyong'atwa ubavuni. Tambi zilizomwagikiwa chai. Kiini cha yai ambacho Doto hakili kwa sababu, anasema, kinamwangalia. Nimelelewa kwamba kutupa chakula ni dhambi, na jalala la karibu nilikuwa mimi. Tena nilishika imani kwamba chakula ukila umesimama hakihesabiki. Miaka minne niliishika, kumbe mizani siyo muumini.

Niliumbuka kliniki. Nilimpeleka Shija, nesi akamtundika kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, akasema mtoto yuko vizuri. Kisha akanitazama. "Na wewe mama, hebu panda pale."

Kilo 82. Akanipima na urefu, sentimita 160. Akachukua kalkuleta: 82 gawa kwa 1.6, jibu lake ukaligawa tena kwa 1.6. Ikatoka 32. Akanieleza kwamba ukifika 25 uzito umezidi, na ukifika 30 ni kiribatumbo, neno ambalo naamini lilitungwa na mtu mwembamba. Nikamwuliza kama hiyo hesabu imetoa kilo za maziwa, maana bado nanyonyesha. Hakucheka.

Ila alikuwa dada mwema. Alisema nisikimbilie mbali, nianze na kilo sita tu, polepole. Nitembee haraka-haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Nipunguze sukari na vya kukaanga, na nisijitie njaa kwa kuwa mtoto ananyonya. Yote hayo nilikuja kuyakumbuka baadaye sana. Siku ile nilisikia "kilo sita" peke yake, na nilipoingia jikoni kwangu nikakuta maneno hayohayo yameandikwa kwenye mtungi mdogo wa gesi. Nikauinua, nikautua haraka. Mtungi wenyewe una uzito wake, gesi ndiyo kilo sita, najua, lakini mkono hauna habari hizo. Nikasema kumbe natembea na mtungi wa gesi Tabata hadi Posta, ndiyo maana daladala nikipanda konda anawaambia watu wasogee kwa heshima.

Nilianza na mazoezi ya nyumbani. Nikipiga pushapu, Doto anapanda mgongoni, anasema twende Shinyanga. Nikijishikilia kwa viwiko kama wanavyofanya kwenye simu, Shija anaona maziwa yameletwa hadi mlangoni, anajilaza chini yangu na kuanza kazi. Nikajaribu kutembea jioni. Pacha wakalia kunifuata, na tulipofika dukani kwa Mpemba kila mmoja akataka kubebwa. Nilirudi nimewabeba wote wawili na mkate.

Ikabaki alfajiri. Saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja ndiyo nusu saa pekee ambayo hakuna mtu nyumbani kwangu anayeniita.

Na hapo shetani akanipitia ofisini. Dada mmoja tunayefanya naye kazi aliniuzia kikopo cha dawa ya kukata tumbo, elfu kumi na tano. Ndani ni mafuta, tangawizi, na pilipili ambayo hakuitaja mpaka pesa zimeshaingia kwake. Unapaka tumbo zima, unalizungushia nailoni ile ya kufunikia vyakula, unavaa jaketi zito, unakimbia. "Mafuta yanayeyuka yenyewe," akaniambia. Nilimwamini mtu ambaye yeye mwenyewe hutumia nafasi mbili za kiti.

Sasa shika jambo moja. Wiki ileile, usiku wa Jumanne, Mama Vitumbua aliibiwa mtungi wake wa gesi, ule mdogo wa kilo sita. Aliulilia kama mtu, na haki yake, maana ndio uliokuwa unasomesha watoto. Vijana wa ulinzi shirikishi wakaapa kukesha. Tukachangishana tochi na filimbi. Mimi nilitoa elfu mbili ya filimbi, na ninalisema hili kwa uchungu.

Alhamisi, saa kumi na nusu, nikajipaka. Ikawa baridi nzuri tu. Nikajizungushia nailoni mizunguko kama kumi na mbili, nikavaa trakisuti ya mume wangu na jaketi lake jeusi lenye kofia. Yeye anakoroma. Nikatoka kwa vidole, kama mwizi. Nasema hivyo sasa.

Mita mia mbili za kwanza nilikimbia vizuri mpaka nikajipenda. Kisha jasho likatoka.

Ndugu zangu, jasho likikutana na pilipili ndani ya nailoni, hakuna pa kutokea. Kwanza tumbo lilipata joto. Nikasema, dawa inafanya kazi. Halafu likawa kama limelazwa kwenye chuma cha chapati. Nikageuza kurudi nyumbani, bafuni, kwenye ndoo, na nakuapia sijawahi kukimbia vile tangu shule ya msingi. Kule kuruka-ruka nailoni ikafunguka, ikaanza kuteremka. Nikaikamata kwa mikono miwili hapo tumboni, nikainama kidogo, nikaendelea.

Hebu nione kama alivyoniona Mama Vitumbua. Yuko nje, anapuliza jiko la mkaa kwa sababu gesi hana, macho yamejaa moshi na kinyongo. Anapita mtu mbio gizani, jaketi jeusi, kofia imefunika uso, amekumbatia kitu cha mviringo tumboni.

"Mwiziii! Mtungi wanguuu!"

Filimbi ikalia. Nikaisikia, nikajua ni ile yetu, na kwa kweli nilijisikia vizuri kwamba mchango wangu umefanya kazi. Wala haikunipitia kichwani kwamba mwizi ni mimi. Nikatazama nyuma, nikaona tochi zinakuja. Nikasema basi mwizi yuko mbele yangu. Nami nikapaza sauti, "Mwizi! Mwizi huyo! Mkateni kwa huku!" Nikaongeza mbio ili nisibaki katikati yao. Kijana mmoja aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo walipochukia zaidi, kuona mwizi ana dharau kiasi kile.

Pumzi ilinikatikia kwenye rundo la kokoto za jirani anayejenga. Nikakaa. Tochi zikanizunguka.

"Weka mtungi chini!"

"Mtungi gani?"

"Huo uliokumbatia!"

Nikatazama nilichokumbatia. Nikasema kwa sauti ndogo, "Baba zangu, huu ni wangu."

"Wote husema hivyo!" akajibu mmoja kutoka nyuma, kwa ukali, ana mpini wa fagio. Ile sauti naijua. Naiamsha kila siku. Ni Baba Kulwa, ametoka na taulo kiunoni kulinda mali za majirani.

Hapa nitulie kidogo, maana mitaani kwetu neno mwizi limeshaua watu wasio na hatia, na nilipoona mawe mikononi nilisahau hata pilipili. Aliyeniokoa ni mzee wetu mjumbe, alitokea na msuli kiunoni na fimbo yake mkononi akasema, "Hakuna kumgusa mtu. Kwanza mtungi utambuliwe na mwenyewe." Mama Vitumbua akasukumwa mbele. Akainama, hanitazami usoni, anatazama mali. Akakunja kidole akagonga tumbo langu, mara mbili, kama mtu anavyogonga mtungi kujua gesi imebaki kiasi gani.

Halikulia. Ila nailoni ilifanya kwarakwara.

"Kaufunga kwenye karatasi," Mama Vitumbua akatangaza. Akanusa. "Halafu mbona ananukia chai ya tangawizi?"

Nikavua kofia.

Ulipita ukimya ambao mpaka leo nausikia. Mpini wa fagio ukaanguka. "Mke wangu," akasema Baba Kulwa, "si uko chooni?"

Nilitaka kueleza, lakini kabla sijafungua mdomo nikawaona pacha. Walimfuata baba yao kwa nyuma, pekupeku, wamevaa fulana tu. Mjumbe, kwa kuwa ni mtu wa taratibu, akaona hawezi kufunga kesi bila shahidi. Akawauliza, "Wajukuu, huyu mnamjua?"

"Ni mama," akasema Kulwa.

"Anakimbiza tumbo," akasema Doto.

Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Kama wangeishia hapo ningebaki na hadhi fulani. Lakini Kulwa akishapewa nafasi ya kuongea hairudishi. "Jana usiku alikula chipsi zetu. Jikoni. Kazima taa."

"Na yai," akasema Doto.

Mzee mjumbe alijifunika uso kwa kona ya msuli. Nilijua kesi imekwisha, ila pilipili haikuwa na taarifa. Nilipojaribu kusimama ikaamka upya, nikapiga ukelele, nikawapita wote mbio mpaka nyumbani kwangu, na nyuma yangu nasikia mtu anauliza, "Sasa anakimbia nini tena?"

Maji hayakusaidia, yalisambaza. Dada wa kazi ndiye aliyekuwa na akili. Alichukua mafuta ya kupikia akanisugua nayo, ndipo akanisafisha kwa sabuni, kama anavyofanya mikono yake akishakata pilipili. Kazini nilifika saa nne. Na kwa sababu mjinga hafi mara moja, nilipita kwa kijana wa mizani pale kituoni, nikatoa mia mbili, nikapanda. Kilo 81! Nikasahau maumivu yote. Nikanunua maji lita moja na nusu, nikayanywa nikiwa nasherehekea, jioni nikapima tena kwa kijana yuleyule. 82. Akataka kunirudishia hela, anadhani mizani imeharibika. Nesi nilipomsimulia ndiye aliyenieleza kwamba yale yalikuwa maji yangu tu, yametoka na yamerudi, na safari hii alicheka mpaka akakaa.

Mtungi ulipatikana Jumapili. Mtoto mkubwa wa Mama Vitumbua aliupeleka kwa rafiki yake waliyekuwa wanapika naye kwenye mkesha, akasahau kusema. Mama wa watu alinijia na bakuli la vitumbua kumi na viwili vya moto kuomba radhi. Nilimwambia sili vya kukaanga siku hizi. Akaliacha mezani. Nilikula vinne, nimekaa, nikavihesabu. Pacha wakamaliza vilivyobaki.

Siku hizi natembea. Nateremka kwenye daladala vituo viwili kabla ya changu, saa kumi na mbili jioni, mwanga upo, sura yangu iko wazi. Makombo nimewapa kuku wa jirani, naye jirani amekubali kunilipa kwa mayai, ambayo Doto bado hali viini vyake. Imepita miezi mitatu, mizani inasema 79. Vijana wa ulinzi wakiniona wanapuliza filimbi mara moja, kwa salamu. Jina la Mama Kulwa naona limeanza kupotea. Mtaa mzima ni Mama Mtungi.

Juzi nilipita pale kwa Mama Vitumbua akaniita kwa sauti, watu wakiwa wamejaa, "Mama Mtungi! Vipi, mtungi wangu umeshautua?"

Nikamjibu, "Mtungi bado uko palepale, shoga yangu. Ila gesi imefika nusu."