Teksi za kijiweni nazo zijitazame

Madereva teksi wa Dodoma mnalalamika kwamba programu za simu za kuita teksi zinawanyang'anya abiria. Sawa, lakini juzi nimeshuka treni ya SGR usiku na mama mkwe na ndoo yake ya karanga, mmoja wenu akanitazama viatu kwanza, ndiyo akataja elfu ishirini na tano mpaka Area C. Simu ikasema elfu nane! Huyo wa simu naye akapiga: "Bosi unalipa keshi? Ongeza ya mafuta." Nilipokataa akaghairi. Nikarudi kwa mzee wa kijiweni kichwa chini, tukamalizana kumi na mbili. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipobana kamisheni ambayo programu hizo hukata kwa madereva mwaka 2022, Uber, mojawapo ya programu hizo, ilisimamisha huduma. Kijiwe kilikuwepo. Bandikeni bei tu, wazee wangu.