Kuku Aliyelipiwa Mapema: Maelezo Yangu Rasmi

Kwa kuwa Mama Tasha amekwisha kuisambaza ile video yangu na kuku anayeruka angani kwenye bustani ya michezo, katika kila kundi la WhatsApp alilomo, likiwemo la wazazi wa shule na, kama nilivyoarifiwa asubuhi hii, la kwaya, sioni tena faida ya kunyamaza. Nitaisimulia habari hii kwa mpangilio wake na kwa hesabu zake, maana kilichoniponza mimi ni hesabu, wala si uroho kama mnavyosomeana huko. Ninyi mliotengeneza picha ya paja la kuku lenye mabawa ya malaika, nimewaona, na majina yenu nimeyahifadhi.

Chanzo cha yote ni binamu yangu aishiye Marekani, ambaye tangu aipeleke familia yake Walt Disney World, eneo la bustani za michezo karibu na Orlando katika jimbo la Florida, hana tena hadithi nyingine. Alichokisifu zaidi hakikuwa michezo bali mpango wa chakula, ambao ulisitishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudishwa Januari 2024. Mgeni anayelala katika hoteli za huko hulipia chakula chake kabla hajatia mguu bustanini, kisha hupewa pointi, kila moja ya mlo au kitafunio, kulingana na idadi ya usiku atakaolala. Mpango mkubwa, ambao mwaka 2024 mtu mzima aliulipia dola 94.28 kwa usiku mmoja, ulimpa mlo mmoja wa kukaa mezani na kuhudumiwa, mlo mmoja wa kuchukua kaunta na kitafunio kimoja; mpango mdogo, wa dola 57.01, ulimpa milo miwili ya kaunta na kitafunio. Bakshishi ni juu yako. Tena wanaolala chumba kimoja wakishaamua kununua, hakuna anayeachwa nje isipokuwa mtoto asiyetimiza miaka 3, hata kama kuna mmoja wao anayeishi kwa chai na mkate.

Binamu alinieleza bila kuficha kwamba mpango ule humlipa mlaji na kumwadhibu mdonoaji. Anayezitumia pointi zake kwenye bufee za bei ghali hutoka na faida. Anayeagiza saladi amewatolea sadaka wenye mali. Bei yenyewe pia inahesabu kinywaji cha pombe kwa kila aliyetimiza miaka 21, ilhali binamu yangu ni shemasi, kwa hiyo kila alipoagiza maji ya limau alikuwa anapoteza fedha kwa ajili ya imani. Alijifidia katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, ambamo wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki wakakiita Harambe, na ndani ya Harambe pana mkahawa wa bufee uitwao Tusker House. Naomba mtulie kidogo hapo. Mtu aliyezaliwa na kulelewa Makadara, Nairobi, alisafiri nusu ya dunia, akalipa kwa dola, akala Harambe, ndani ya nyumba ya Tusker, jina la bia yetu ya Kenya, na aliyekuja mezani kumjulia hali ni bata Donald.

Hata hivyo, jambo lililoniingia moyoni ni jingine. Pointi za kule haziozi kwa saa. Hudumu hadi saa sita ya usiku wa siku ya kuondoka. Kwa hiyo siku yao ya mwisho, binamu na wanawe walipoona wamebakiwa na pointi za vitafunio, walipita madukani wakazimaliza kwa pakiti za peremende na biskuti, wakapanda nazo ndege. Hawakuwaachia wenye bustani hata senti moja. Nilipolisikia hilo niliapa kwamba nami siku moja nitalipia chakula mapema, na kwamba sitabakisha kitu.

Siku ikafika. Bustani yenyewe iko nje kidogo ya Nairobi, na jina lake silitaji, kwa sababu wao hawakunikosea lolote na pia kwa sababu ningependa kuruhusiwa kuingia tena. Walikuwa wanauza kifurushi cha chakula cha siku nzima kwa shilingi 1,500 kwa mtu mzima: chai na mandazi asubuhi kwa thamani ya shilingi 300, robo kuku na vibanzi mchana kwa 850, kitafunio cha 250 na soda mbili za shilingi mia mia. Jumlisheni wenyewe, mtapata 1,600. Mtoto alilipiwa 900 badala ya 950. Tulikuwa watu wazima sita na watoto watano, kwa hiyo niliwatangazia katika kundi la familia kwamba nimewaokolea shilingi 850. Shemeji yangu akauliza kama inafaa kujifunga kamba kwa ajili ya shilingi 850. Sikumjibu. Nililipia wote kwa M-Pesa yangu, kila mmoja akaahidi kunirudishia, nami nikamlazimisha hata mama mkwe, ambaye ni mwembamba na ambaye chakula cha kununuliwa hajakiamini tangu nimjue.

Barabara ya Mombasa ilitupokea kama inavyowapokea watu wake. Tulipofika, saa nne ilikuwa imepita, na kuponi za chai zilikuwa zinaisha saa nne kamili. Hapo ndipo nilipotambua kwamba Nairobi si Orlando: kule ukiikosa chai, pointi inakungoja mpaka usiku wa siku ya kuondoka, huku kuponi ina saa yake, na saa ikipita unabaki na kikaratasi. Mandazi ya watu kumi na mmoja, yenye thamani ya shilingi 2,800, yalikuwa yamekwenda, na faida yangu ya shilingi 850 ilikuwa imegeuka hasara ya shilingi 1,950 kabla watoto hawajafungua mikanda ya gari. Sikumwambia mtu. Nilisema tu kwamba tutakula vizuri mchana.

Hatukula vizuri mchana. Langoni mabawabu hupekua mikoba, kwa maana chakula cha nje hakiruhusiwi, lakini bawabu alipomwona mama mkwe na kitambaa chake kichwani alisema, "Karibu, shosho," akampisha na kiondo chake bila hata kukitupia jicho. Ndani ya kiondo kile mlikuwa na chapati za kuwatosha waombolezaji, nduma za kuchemsha na chupa ya chai ya maziwa. Nilirudi kutoka foleni ya tiketi za farasi na kuwakuta watoto wote watano wamemzunguka nyanya yao chini ya mti, midomo inang'aa mafuta.

"Mama," nikamwambia kwa upole wote nilioweza kuukusanya, "si nilisema chakula kimeshalipiwa?"

"Mwanangu, mtoto hali kuponi," akanijibu, akanimegea chapati. Nami nikaila. Ilikuwa ya moto bado, ningefanyaje?

Basi saa kumi na nusu ilipogonga nilikuwa na kuponi saba za kuku na karibu kuponi zote za vitafunio, kaunta inafungwa saa kumi na moja, na hakuna hata mmoja wetu mwenye njaa. Mume wangu alinishauri tusamehe. Nasikia wengine wenu pia mnauliza kwa nini sikusamehe. Ninyi hamkulipa kwa M-Pesa yenu.

Nilikwenda kaunta nikazitoa kuponi zote kwa mpigo. Kijana aliyevaa kofia nyeupe akanipangia sinia mbili za kuku, vibanzi, soseji na samosa, kisha nilipoomba mfuko akatikisa kichwa na kusema kwamba chakula cha kifurushi huliwa hapo hapo na hakitoki. Nikamshukuru. Nikakaa meza ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, nikaanza kukifunga kipande kimoja kimoja cha kuku kwa karatasi za kufutia mikono na kukilaza ndani ya kiondo cha mama mkwe, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kimekwisha kuwa kitupu. Kiondo kilichoingiza chapati kwa siri kingetoa kuku kwa siri. Niliiona kama haki inayojirekebisha yenyewe. Vibanzi nikavimimina juu, nikafunika kwa leso.

Laiti tungeelekea garini moja kwa moja. Lakini binti yangu Imani alikuwa hajapanda ile merikebu kubwa ya kubembea, na urefu wake haukufika mstari wa kupanda peke yake. Baba yake alikuwa amekwenda "kuangalia gari," kazi ambayo huichukua kila panapotajwa kitu cha kupanda. Mhudumu wa merikebu akaniambia niache mzigo chini. Nikamtazama kijana wa watu machoni nikamwambia ni dawa za mama mkwe wangu. Nikakibana kiondo kati ya miguu, chuma cha kutuzuia kikashuka mapajani, na tukaanza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana video ya Mama Tasha inaanzia katikati.

Bembea ya kwanza ilikuwa ndogo, na kilichotokea ni harufu tu. Abiria wa mbele yetu aligeuka akanusa. Bembea ya pili ilikuwa kubwa kidogo, na leso ikateleza. Ya tatu ikatupandisha mpaka juu kabisa, na huko juu, kwa wale ambao hamjawahi kupanda, kuna nukta moja ambapo merikebu imeacha kupanda na haijaanza kushuka, na mwili unajiona hauna uzito hata kidogo. Binadamu huzuiwa na chuma. Kuku hazuiwi na chochote.

Kilichotangulia kilikuwa kibanzi kimoja. Kilipanda taratibu kutoka magotini, kikapita mbele ya pua yangu kwa utulivu, na nilipata muda wa kuona kwamba upande mmoja kilikuwa kimeungua. Vikafuata vingine vingi. Kisha samosa, ikijizungusha. Kisha nikaliona paja la kwanza linainuka kutoka ndani ya kiondo, karatasi yake ikifunguka polepole kama bibi arusi anayefunuliwa shela, nikanyoosha mkono, nikaligusa, nikalihisi mafuta, likaniponyoka. Hapo ndipo nilipopiga ukelele ambao sasa mmeufanya mlio wa simu.

Mama Tasha anadai kwamba nilipiga kelele "Shika kuku!" huku mwanangu wa kumzaa ameketi pembeni yangu angani. Ni kweli. Lakini Imani alikuwa amefungwa na chuma, na alikuwa anacheka. Kuku hakuwa na chuma, na alikuwa amelipiwa.

Chini palikuwa na foleni. Vibanzi viliwanyeshea watu ambao kwanza walitazama mbinguni kwa mshangao wa kidini, kisha wakatawanyika. Paja lile halikuanguka ovyo. Lilivuka ukingo, likapita juu ya watoto wawili wenye maputo, likatua kwenye bega la kijana mmoja aliyekuwa anatembea zake akielekea kubadilisha nguo, kazi yake imekwisha, kofia nyeupe mkononi. Alilichukua. Aliligeuza. Akainua macho polepole mpaka yakakutana na yangu wakati nashuka, na akaendelea kunitazama nilipopanda tena, na niliposhuka tena, kwa maana mashine ile haina heshima na haisimami kwa ajili ya aibu ya mtu.

"Mama!" akapaza sauti kila nilipompitia. "Si nilikuambia hakitoki?"

Soseji moja ilimwangukia mama mkwe mapajani alipokuwa ameketi kwenye benchi. Hakushtuka. Aliiokota, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akamgeukia shemeji yangu na kumuuliza kwa sauti ambayo imenaswa vizuri kabisa kwenye video: "Hii nayo imelipiwa?"

Yaliyofuata hayana maana. Merikebu ilisimama, msimamizi aliitwa, nikapewa ufagio, nikafagia, tukasalimiana, tukaondoka. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika Mlolongo, ambapo Imani aliuliza kama tunaweza kurudi wiki ijayo.

Binamu yangu amekwisha kunitumia ujumbe wa sauti kutoka Florida, ambao sehemu kubwa ni kicheko, na mwishoni ananishauri kwamba kinachobebwa ni pakiti iliyofungwa, si kuku wa kukaanga. Ushauri umepokelewa. Kwa upande wangu bado nashikilia kwamba kama tungefika kabla ya saa nne, na kama kiondo kingepekuliwa langoni kama cha mtu mwingine yeyote, tungetoka na shilingi 850 zetu mkononi, na hesabu hiyo niko tayari kuifanya mbele ya yeyote, kwa karatasi na kalamu.

Kuhusu madeni: mama mkwe nimemsamehe, kwa sababu ya zile chapati. Shemeji na wifi, bado sijaona kitu kwenye simu yangu. Na Mama Tasha, ambaye una nguvu za kutuma video kwa kwaya nzima, wewe na Tasha mlikuwa wa shilingi 2,400 na ukanitumia 2,000. Nambari yangu unayo.