Picha ya CT ya moyo na dawa zinazofuata

Mtu anayeumwa kifua akipanda ngazi, kisha maumivu yakatulia akipumzika, anaweza kuchunguzwa bila kuingiziwa mpira mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni. Daktari anaweza kuupa moyo kazi, tuseme kwa kumtembeza mgonjwa kwenye mashine huku umeme wa moyo ukipimwa, aone kama damu inautosha. Au anaweza kupiga picha ya CT, yaani ya eksirei inayochukuliwa kwa vipande vyembamba, inayoonyesha mishipa yenyewe. Mwaka 2016 NICE, chombo kinachoandaa miongozo ya tiba Uingereza, kiliitanguliza CT.

Naunga mkono, ila si kwa sababu picha ni nzuri. Utafiti wa SCOT-HEART uliofanyika Uskoti ulifuatilia wagonjwa 4,146. Baada ya miaka 5, waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata mshtuko wa moyo usioua walikuwa asilimia 2.3 kati ya walioongezewa CT, na 3.9 kati ya waliopata huduma ya kawaida tu. Waliozibuliwa mishipa au kupasuliwa walikaribiana pande zote mbili. Kilichoachana ni dawa: upande wa CT wengi zaidi walianzishiwa aspirini na statini (dawa za kushusha kolesteroli), kwa kuwa picha ilifichua mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa ambao bado unapitisha damu vizuri. Kipimo cha mazoezi hakiyaoni mafuta hayo.

Wanaosita wana hoja nzito. PROMISE, utafiti wa Amerika Kaskazini wenye wagonjwa 10,003, ulilinganisha CT na vipimo vya kuupa moyo kazi, na baada ya miaka 2 hivi matokeo hayakutofautiana: waliokufa au kupata tatizo kubwa walikuwa asilimia 3.3 upande wa CT na 3.0 upande wa pili. Hata ile tofauti ya Uskoti ni ya watu 48 dhidi ya 81, idadi ndogo. Kwangu miaka 2 ni michache mno kwa statini kuonyesha faida yake yote, lakini simlaumu anayetaka ushahidi zaidi.

Kipimo chenyewe kina masharti. Mgonjwa hupewa dawa ya kushusha mapigo yakaribie 60 kwa dakika, hupuliziwa dawa chini ya ulimi ili mishipa itanuke, kisha dawa yenye ayodini huingia mkononi na joto likamshuka hadi kinenani, akadhani amejikojolea. Hapo abane pumzi, atulie. Mwenye figo dhaifu lazima afikiriwe kwanza. Mzee ambaye mishipa yake imejaa chokaa huenda akapata jibu la kupotosha, kwani chokaa hung'aa kwenye picha na kuufanya mshipa uonekane mwembamba kuliko ulivyo; wengine huishia kuingiziwa mpira bila sababu.

Kinachonikera ni ripoti inayoishia kwenye "hakuna mshipa ulioziba". Mgonjwa anaambiwa yuko salama, anarudi nyumbani bila statini, na mafuta yale yale yaliyoonekana kwenye picha yanaendelea kujijenga. Ripoti iyataje, yako mshipa gani na ni mengi kiasi gani, hata kama damu inapita.