Ile Ndege Niliyoiona Mwanza Haikuwa Tupolev

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikisimulia kwamba niliiona kwa macho yangu ndege ya Gaddafi iliyokuja kuipiga Mwanza mabomu. Nimesimulia vijiweni, nimesimulia kwenye daladala, na mwanangu wa kwanza kakua akiisikia kama wenzake walivyokua na hadithi za Sungura. Nilikuwa na miaka tisa, niko juu ya mwembe kwetu Kirumba, ikapita chini chini huku mabati yakitetemeka. Ungeniletea msahafu ningeapa.

Leo naikana ndege hiyo. Aliyeniumbua ni mimi mwenyewe, wa darasa la tatu.

Mama alipohama nyumba tulikuta daftari langu la hesabu. Kwenye jalada la nyuma nimechora ndege kwa kalamu ya bluu, na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa NDEGE YA GADAFI. Mchoro si mbaya kwa umri ule. Mabawa yako juu ya kiwiliwili, kuna pangaboi mbili, moja kila upande, na sehemu ya nyuma imeinuka kama jogoo aliyebinua mkia. Niliutazama, nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza.

Ndege iliyotumwa na Libya tarehe 29 Machi 1979, kumsaidia Idi Amin wa Uganda aliyekuwa vitani nasi, ilikuwa Tupolev Tu-22, ndege ya Kirusi ya kudondosha mabomu. Ukiishaiona picha yake mara moja huwezi kuichanganya na nyingine. Ni ndefu kama mita arobaini, nyembamba kama sindano, na haina pangaboi hata moja. Injini zake mbili za jeti zimepandishwa mgongoni, kule mwisho kabisa, moja huku na moja huku ya mkia, kama mtu aliyebeba mitungi miwili ya gesi shingoni. Mabomu yake yaliukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane chenye hifadhi ya wanyama, na waliokufa ni swala. Sisi watoto tuliwahurumia swala kuliko tulivyoogopa vita.

Nilichochora mimi ni Caribou. Ndege yetu wenyewe! Ya kubeba mizigo na askari, iliyoundwa Kanada na kampuni ya de Havilland. Wakanada ndio waliosaidia kukijenga kikosi cha anga cha Jeshi la Wananchi kuanzia katikati ya miaka ya 1960, kabla Wachina hawajashika nafasi hiyo. Yaani nilikaa juu ya mwembe nikaitazama ndege inayowabeba kaka zetu, nikaiogopa, halafu nikaisingizia uadui kwa miaka thelathini.

Na jambo la kunitia aibu zaidi ni kwamba sisi watoto wa Kirumba tulijiona mabingwa. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege inapita kwetu. Tulikuwa tunaitambua ndege kabla hatujaiona. Fokker Friendship ya Shirika la Ndege ilikuwa inapiga filimbi, mluzi mwembamba unaoingia sikioni kama mbu, kwa sababu ya injini zake za Rolls-Royce Dart. Twin Otter ilinguruma kama mashine ya kusaga. Caribou, yenye injini za pistoni, ilikohoa kwanza ndipo ikaunguruma. Aliyekosea alitoa gololi. Kamera hakuna aliyekuwa nayo, na kibao cha HAIRUHUSIWI KUPIGA PICHA tulikijua kwa moyo kabla ya kujua kusoma kurasa mbili mfululizo. Kwa hiyo hazina yetu yote ilikuwa masikio, macho na daftari. Bila daftari lile ningekufa na uongo wangu.

Ndiyo maana sasa nina ugomvi na neno moja: Mig, jina la ndege za kivita za Kirusi. Kwa kizazi chetu kila kilichopita kwa kasi na kelele kilikuwa Mig. Jeti ni Mig, ndege ya mizigo ni Mig, na hata Boeing 737 ya abiria niliwahi kumsikia mtu mzima akiiita Mig la kiraia. Mtaani haina shida. Shida inakuja picha za zamani zinapoanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na maelezo yaliyobandikwa na mtu ambaye hakuitazama picha yenyewe.

Chukua hiyo Tu-22. Kila inapofika kumbukumbu ya vita vya Kagera naletewa picha ya ndege kubwa ya Kirusi yenye mabawa yanayokunjuka na kurudi nyuma, eti ndiyo iliyokuja Mwanza. Ile ni Tu-22M. Majina yamefanana, lakini ni ndege mbili tofauti, na hiyo Tu-22M Libya haikuwahi kuwa nayo. Au ile picha ya mabaki ya Hercules, ndege ya mizigo ya injini nne, imeungua pale uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, chini yake imeandikwa Waisraeli 1976. Waisraeli walikuja kuokoa mateka wao na Hercules nne, na zote nne ziliondoka. Hercules iliyoteketea pale ni ya Walibya, na walioipiga ni askari wetu, tarehe 7 Aprili 1979, ikijaribu kuruka wakati uwanja unatekwa. Kwa maelezo ya mstari mmoja, kazi ya vijana wetu imepewa wengine, tena imerudishwa nyuma miaka mitatu.

Kuna na balaa la ndege ya kivita iitwayo F-5. Nilibishana jioni nzima na rafiki yangu Mkenya aliyekulia Nanyuki. Mimi nasema F-5 ina domo wazi mbele, hewa inaingilia puani. Yeye anasema F-5 ina pua kali kama kalamu, hewa inaingilia ubavuni. Chai ilipoa, sauti zikapanda, mke wake akachungulia mara mbili. Kumbe wote tulikuwa sahihi. F-5 ya kwetu ni ya Kichina, nakala ya MiG-17, na hilo ndilo jina Wachina waliloiuzia nje. F-5 ya kwao ni ya Kimarekani, ya kampuni ya Northrop, ndiyo iliyoko kwenye kambi ya Laikipia, palepale Nanyuki, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Jina moja, nchi jirani, na hakuna hata skrubu moja inayofanana.

Kwa hiyo mimi picha siisomi kwa maelezo yake. Naanza na mkia, halafu bawa. Familia ya Mig za Kirusi wengi wanaiogopa bure. Kama bawa ni pembetatu na puani kuna koni imechomoza, hiyo ni MiG-21 au ndugu yake wa Kichina. Kama nyuma kuna matundu mawili ya moshi yamekaa bega kwa bega, ni MiG-19. Kati ya MiG-15 na MiG-17 ndipo watu wanapogombana, na hapo hesabu vile vibati vilivyosimama juu ya bawa kwa urefu wa ndege, ambavyo kazi yake ni kuzuia hewa isiteleze kuelekea nchani. Viwili kila bawa, MiG-15. Vitatu, MiG-17. Mtoto wa darasa la pili anaweza.

Lakini kuna mahali umbo linafika kikomo. Binamu yangu aliweka kwenye grupu la ukoo picha ya mjomba akiwa na wenzake watano mbele ya ndege, akaandika: Ndege yetu iliyomng'oa Nduli, yaani Idi Amin. Makofi, bendera, machozi. Mimi nikakuza picha. Domo wazi, vibati vitatu: MiG-17. Sasa ya nani? Amin alikuwa nazo kutoka Urusi, sisi tulikuwa nazo kutoka China, na kwa umbo ni pacha. Nikaanza kutazama vingine. Tairi zimelala chini. Kioo cha rubani hakipo. Nyuma kuna mnara wa kuongozea ndege wenye matundu ya risasi. Na ubavuni, hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni, herufi U na namba. Za kwetu huandikwa JW, Jeshi la Wananchi. Ile ilikuwa ya Uganda, na pale ni Entebbe.

Nilipoandika hivyo kwenye grupu niliitwa msaliti, kwa utani lakini si sana. Sikuwaambia na jambo la pili, kwamba Waisraeli waliharibu MiG kadhaa palepale mwaka 1976, na inawezekana kabisa mjomba alipigia picha mzoga uliouawa na watu wengine akiwa bado kijana wa shule.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaokunja uso. Kile kibao cha kukataza picha kilikuwa na haki yake wakati wa vita. Lakini MiG-17 leo si siri ya nchi yoyote, mtoto wa Ulaya anaijenga ya plastiki mezani kwake. Picha zilizobaki ziko kwenye albamu za wazee waliostaafu, na zinaliwa na mchwa kwa woga usio na sababu. Mkizitoa, msizikate pembeni ili sura zionekane vizuri, maana ukikata unaondoa mkia, na mkia ndio shahidi. Upigeni picha na upande wa nyuma, wenye mwandiko. Na zile bendera na mioyo mnayobandika juu, wekeni kwenye picha za harusi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mjomba na picha yake halisi mkononi.

"Shikamoo mjomba. Hii ndege haikuwa ya kwetu."

"Marahaba. Nani kakuambia ilikuwa ya kwetu?" Akaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wake wa zamani: Mig ya Nduli, Entebe. "Niliandika siku ileile. Hamkuigeuza tu."

Nikamwomba ruhusa niongeze namba kumi na saba mbele ya Mig. Alifikiri kidogo, akanipa kalamu, akasema niandike pia majina ya wale watano, maana wawili ameanza kuyasahau. Tukakaa mpaka magharibi. La mtu wa nne kutoka kushoto halikupatikana.