Wakulima wa viazi wa Ireland hawakuwa wavivu

Kinachonikera kila inapotajwa njaa kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza mashambani, ni wepesi wa watu kuwatupia lawama marehemu, eti walipanda viazi mviringo kwa kuwa ni zao lisilotaka jasho. Wiki hii nimeyasikia tena maneno hayo, tena kwa mtu msomi, na siwezi kuyanyamazia.

Anayesema hivyo hajui tuta lao lilivyotengenezwa. Mkulima wa Mayo, magharibi mwa Ireland, alipima ukanda wa ardhi yenye nyasi, akatandaza juu yake samadi au mwani uliobebwa kutoka ufukweni, akapanga vipande vya mbegu, kila kimoja na jicho lake. Kisha, kwa sepeto nyembamba ya kukanyagia kwa mguu mmoja, alikata udongo wa kandokando na kuupindua juu ya mbegu, nyasi za juu zikilaliana na za chini hadi zikaoza na kuwa mbolea. Mtaro uliobaki kila upande uliondoa maji, jambo la lazima kwenye ardhi ile yenye majimaji, na miche ilipochomoza alichota humo udongo wa kuipandishia. Katika visiwa vya Aran, ambako ni mwamba mtupu, watu walichanganya mchanga na mwani wakajitengenezea udongo wenyewe. Huo ni uvivu gani?

Nakubali, japo shingo upande, kwamba kutegemea mno aina moja, Lumper, kulikuwa hatari, kwa maana kiazi huzaliwa na kiazi, shamba zima likawa damu moja, na baka chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na viazi vyenyewe, ilipoingia haikubakiza kitu. Wakulima wa Njombe na Nyandarua wanaujua vizuri ugonjwa huo. Lakini Lumper ilipendwa kwa sababu ilizaa hata kwenye udongo duni, na udongo duni ndio walioachiwa maskini, ilhali ardhi nzuri ilitoa nafaka na mifugo ya kulipia kodi ya wenye mashamba. Nafaka na ng'ombe hao waliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza huku watu wapatao milioni moja wakifa. Mwaka 1847 Bunge la London, lililoitawala Ireland wakati huo, likapitisha sheria kwamba anayekodi zaidi ya robo ekari asipewe msaada mpaka aiachie ardhi hiyo. Wengi waliiachia ili watoto wapate chakula, na nyumba zao zikabomolewa.